Daktari wa Macho na Mtu Wake wa Saruji

Daktari wa macho alijifunza Kiswahili akidhani ni Kiarabu, na lawama ya jambo hilo naibeba mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini, pale Ibra, mji wa bara ya Maskati. Nilikuwa nimetoka Unguja, nikapitia Mombasa na Dubai, nikafika kwa jamaa zetu pamoja na mama yangu, masanduku mawili, na Kiarabu cha chuoni, kile cha kusomea Kurani lakini si cha kununulia vitunguu. Kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nacho, hospitalini wakanichukua niwe mkalimani wa daktari mpya wa macho, Mfilipino, ambaye hakujua neno hata moja la Kiarabu. Basi tukawa wawili tusiojua, tumekaa chumba kimoja, na nje mstari mrefu wa watu wanaotaka kuona.

Kilichotuokoa ni mji wenyewe. Wazee wengi wa Ibra wa wakati ule walikuwa wameshakaa Unguja, au Tabora, au Bujumbura, na wengine walizaliwa huko huko. Mzee anaingia na kilemba chake na bakora yake, mie nahangaika kutafuta maneno, yeye ananitazama kwa lile jicho moja lililobaki zima na kuniambia, "Binti yangu, sema Kiswahili tupumzike." Basi tunapumzika. Nauliza kwa Kiswahili, najibiwa kwa Kiswahili, na Daktari kando na daftari lake dogo anaandika kila anachokisikia. Akinyoosha kidole na kuniuliza, "Hiki mnakiitaje?" namwambia: jicho, kope, tazama chini, usipepese. Hakuniuliza ni lugha gani. Juu ya jalada la daftari alikuwa ameshaandika kwa herufi kubwa: KIARABU.

Wiki ya pili nikaliona lile jalada. Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa na furaha mno na maendeleo yake, na wauguzi walinikonyeza nisiwaharibie raha. Nikanyamaza.

Baada ya mwezi mmoja na nusu akaja mkubwa mmoja kutoka Maskati, mwenyeji wa Nizwa, kutukagua. Daktari akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akasimama wima, akatoa hotuba aliyoiandaa siku tatu. "Shikamoo, bwana mkubwa. Karibu kwa chumba yangu. Macho ya watu ya Ibra iko mbaya, lakini tutatengeneza." Mgeni akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiarabu, "Hiyo ndiyo lugha ya kwao Ufilipino?"

Kwa siku mbili Daktari hakusema na mimi ila kwa lazima. Siku ya tatu akaingia na daftari lake, akalikata lile neno la juu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake KISWAHILI, akaniwekea mbele na kusema, "Endelea."

Alikuwa mfupi, mwembamba, na miwani yake ilikuwa imeshikizwa kwa uzi ule ule wa kushonea majeraha. Aliivua kila mara na kuiweka mahala, na kila mara tuliitafuta. Daktari wa macho asiyeona miwani yake mwenyewe ilipo ni jambo ambalo wagonjwa walilifurahia sana, na nadhani wengine walikuja zaidi kwa hilo kuliko kwa dawa. Mkono wake haukutetemeka hata siku moja juu ya jicho la mtu. Lakini siku ya Idi, jamaa zangu walipomkaribisha aone mbuzi akichinjwa, alibadilika rangi, akakaa chini kwenye mchanga, na ikabidi mtoto wa shangazi yangu amlete nyumbani akimshika mkono kama bwana harusi.

Neno "shikamoo" alilipenda kupita kiasi. Alikuwa ameambiwa kuwa ni neno la heshima, naye akaona hakuna haja ya kumnyima mtu heshima. Aliwaamkia wazee, akawaamkia madereva, akawaamkia watoto wachanga waliobebwa na mama zao. Nikamweleza mara nyingi kwamba mkubwa hamwamkii mdogo. Akanijibu, "Huyu mtoto amengoja saa mbili. Mimi mkosaji. Shikamoo." Mama wa mtoto akajifunika uso kwa buibui kucheka, akaitika kwa niaba ya mwanawe, "Marahaba, mjomba."

Ngeli zilimshinda, na hakuona haya. "Jicho hana haraka," aliwaambia waliotaka kufunguliwa bandeji kabla ya siku zake. Nikamsahihisha: jicho halina haraka. Akanitazama kwa huruma. "Wewe unasema vizuri," akaniambia, "lakini mimi wananisikia." Na kweli walikuwa wakimsikia. Mpaka leo Ibra kuna watu wazima wanaosema "jicho hana haraka" bila kujua limetoka kwa nani.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na wanja. Wakati ule maradhi ya vikope yalikuwa kila nyumba. Kope zinageuka ndani, zinakwaruza jicho mpaka linakufa. Daktari akagundua kuwa kijiti kimoja cha wanja kinazunguka kwa wanawake wa nyumba nzima, kutoka kwa nyanya mpaka mtoto wa siku saba. Wanja wenyewe hakuthubutu kuugusa, maana nilimwonya kwamba akiugusa tutafukuzwa sote wawili. Kwa hivyo akakishambulia kijiti. "Kila mtu na kijiti wake!" alisema kila mwanamke alipoketi mbele yake. Alinituma niende kwenye harusi za watu, nichukue vijiti vya wanja kwa siri nivichemshe jikoni kisha nivirudishe. Nilifanya hivyo kwenye harusi nne. Kwenye ya tano mama wa bibi harusi akanikuta nimeinamia sufuria. Akafunua, akaona vijiti vinaelea kama njiti za mishikaki, akaniuliza, "Mwanangu, kuna dhiki gani kwenu hata mnapika haya?"

Haya yote watu waliyastahimili. Kilicholeta tabu ni picha.

Juu ya meza yake, ukutani, Daktari alitundika picha moja tu, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu. Ilikuwa picha ya sanamu: mtu wa saruji amesimama juu ya jiwe refu, katikati ya uwanja wa mji mdogo, amevaa koti zito linalofika magotini, mkononi ameshika kitabu. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mabega. Nilipomuuliza siku za mwanzo ni nani, alinijibu kwa mkato kuwa ni mwandishi wa kwao, mtu aliyetaka nchi yake itengenee. Nikasema "aa," nikaendelea na kazi. Kila mwaka, siku moja ya mwisho wa mwaka, alichuma mrehani kwenye bustani ya hospitali, akautia kwenye chupa tupu ya dawa, akauweka chini ya picha hiyo na kusimama kimya kidogo kabla hatujafungua mlango.

Mwaka wa pili mfagiaji akamwona. Kufika adhuhuri ilikuwa imeshasemwa sokoni kwamba daktari wa macho anaabudu sanamu. Kufika wiki iliyofuata ilikuwa imeshasemwa kuwa anaiomba kabla ya kupasua, na kwamba jicho analolifungua yeye linamwona yule mtu wa saruji kwanza.

Mstari wetu ukapungua. Wanawake wakawa ndio wa kwanza kutoweka, nao ndio waliokuwa na vikope. Mkubwa wa hospitali, mtu mpole, akaja akakaa na sisi, akanywa kahawa, akamwomba Daktari aishushe picha ili mambo yapoe. Daktari hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akikubali zamu za wenzake, akikubali chai isiyo na sukari, akikubali kila kitu. Siku ile alisema kwa Kiingereza, polepole, nami nikatafsiri huku nikitamani nisingekuwepo: "Picha ikitoka, na mimi natoka."

Mkubwa akaweka kikombe chini, akasema tutaona.

Sasa, mimi nilikuwa na mgonjwa wangu mwenyewe. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameanza kujigonga kwenye mtungi wa maji, kisha akaanza kututambua kwa sauti, kisha akaacha kutoka nje. Hakuwahi kusema kuwa haoni. Alisema nyumba za Ibra zina giza. Nilimbembeleza miezi mingi aje kwa Daktari, na alipokuwa karibu kukubali ndipo habari ya sanamu ilipomfikia.

"Mimi nimetoka Unguja na imani yangu, sikutoka na kitu kingine," akaniambia. "Leo nende nikaitie mikononi mwa mwabudu jiwe?"

"Mama, haabudu."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuambiwa na watu. Wiki moja baadaye akaniamuru nimpeleke, si kwa kutibiwa bali kwa kusaili. Alivaa buibui lake la Unguja, akajitia udi, akaingia chumbani mwetu akiwa ameshika bega langu, akaketi, akauelekeza uso wake pale alipodhani Daktari yupo. Alikuwa akilitazama kabati.

"Shikamoo, bibi," Daktari akasema.

"Marahaba." Mama akageuka upande wa sauti. "Bwana, huyo mtu wako wa ukutani ni nani?"

Daktari akaanza kueleza kwa Kiingereza, na mimi nikawa natafsiri. Alikuwa mwandishi, akasema. Nchi yao ilitawaliwa na wageni, naye akaandika visa vilivyoonyesha watu wanavyotendwa, bila kushika silaha. Wageni wakaogopa vitabu vyake, wakampiga risasi mbele ya watu, bado kijana. Na kabla ya hapo alikuwa daktari wa macho, na mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mama yake mzazi.

Nilidhani hilo litamaliza kazi.

Mama akatikisa kichwa. "Namsikitikia huyo mama. Kumlea mtu wa namna hiyo, kisha wakamwua. Lakini mwanangu, mwambie: sanamu ni sanamu."

Sikuwa na haja ya kutafsiri. Daktari alikuwa amefahamu. Akasimama, akaishusha picha, akaipangusa vumbi kwa pindo la koti lake, akaja akaiweka magotini mwa mama yangu, ambaye hakuweza kuiona. Akaacha Kiingereza.

"Bibi," akasema, "huyu sanamu amefanya baba yangu."

Mama akaweka viganja viwili juu ya kioo cha picha.

"Baba yangu mjenzi. Anajenga ukuta, anajenga kisima. Mji yetu anataka sanamu ya mwandishi, mji yote iko nayo, sisi hapana. Fundi wa sanamu hakuja, sisi mbali sana. Baba yangu anasema, mimi nitafanya. Lakini hajui kufanya uso. Basi anamkalisha kaka yake kwa kiti, anatazama, anafanya. Sasa mwandishi mkubwa yule ana pua ya baba yangu mkubwa."

Nilisikia pumzi ya mama yangu inatoka puani, kama mtu anayezuia kucheka.

"Baba yangu hajui kusoma. Mtu anamwandikia jina kwa karatasi, yeye anakopi kwa jiwe. Herufi moja anageuza nyuma mbele. Mji yote wanacheka, lakini wanaacha. Mimi nikienda skuli kila siku napita pale, nasoma. Herufi yangu ya kwanza ni ile. Mwalimu ananipiga, kwa sababu na mimi nageuza."

"Babako yu hai?"

"Hapana, bibi. Saruji ameingia kifuani. Ile siku ya maua ni siku ya mwandishi, nchi yetu yote wanaweka maua. Mimi naweka kwa mwandishi. Na kwa baba."

Nje nilisikia mtu akimwita mtoto wake atoke juani. Mama aliendelea kukipapasa kioo, kisha akasema kwa ukali, ule ukali aliokuwa akiutumia kwetu tulipokuwa wadogo na tumeumia kwa ujinga wetu:

"Sasa wewe! Mji mzima unakusema, kazi yako inaharibika, na ulimi unao. Mbona hukueleza?"

"Hakuna mtu ameuliza, bibi."

Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili, hatua tatu kutoka kwa ile picha. Nilijua alivyopenda papa mkavu wa Ashkhara, alivyomkaanga kwa siki mpaka wauguzi wakakimbia harufu. Nilijua miwani yake ilipo kabla hajaitafuta. Hilo sikulijua. Niliinama nikajifanya napanga faili.

Mama akamrudishia picha. "Haya," akasema. "Lini utanipasua?"

Wakati ule mtu akipasuliwa mtoto wa jicho alilazwa chali siku kadhaa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, macho yote yamefungwa, haruhusiwi kugeuka wala kukohoa. Kwa mama yangu tabu haikuwa kutogeuka. Tabu ilikuwa kutosema. Siku ya pili Daktari alimkuta akiwasimulia wagonjwa wa vitanda vyote habari za harusi moja ya Unguja, akiigiza sauti za watu wanne, naye akamsimamia juu ya kichwa. "Bibi, kidevu chako anatembea. Jicho anatembea pamoja." Mama akanyamaza mpaka alipotoka, kisha akamalizia kwa kunong'ona.

Siku ya kufunguliwa nilikuwapo. Daktari alitoa bandeji tabaka moja moja. Mama akapepesa, machozi yakamtoka, akatazama mbele kwa muda mrefu, nami nikadhani haoni. Kumbe alikuwa akimkagua.

"Ndiye huyu?" akaniuliza. "Mdogo hivi? Na sauti yote ile?"

Daktari alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na safari hii mama yangu ndiye aliyeiona.

Mama alipopata miwani yake mwenyewe, nzito kama kitako cha glasi, jambo la kwanza alilotaka ni kuiona ile picha. Akaletwa chumbani kwetu. Akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. "Koti lote hilo, na kwenu joto kama kwetu?" akauliza. Daktari akamweleza kuwa mwandishi aliishi Ulaya. Mama akaridhika. Kisha akatazama chumba: beseni la pamba chafu, chupa, dawa ya njano iliyomwagika ukutani, ganda la njugu juu ya meza. Uso wake ukabadilika.

"Babako kafa kwa kazi hii," akasema, "nawe umemtundika mahala watu wanapotolewa usaha?"

Daktari akaitazama picha, akalitazama beseni.

"Mpeleke nyumbani kwako, umweke sebuleni, mahala pa heshima, mgeni akiingia amwone. Hapa hapamfai."

Jioni ile ile picha ikashuka. Mkubwa wa hospitali alipokuja kesho yake na kuuona ukuta mtupu, na msumari peke yake, alinivuta kando akaniuliza ni nani aliyemweza. Nikamwambia. Akasema hospitali ingefaa imwajiri.

Kazi iliyobaki mama aliifanya bila kuajiriwa. Alizunguka nyumba za Ibra na miwani yake, kwenye uzazi na kwenye misiba, na kila alipoketi alieleza: si ibada, ni kazi ya mkono wa babake, na pua ni ya ami yake. Wakati wa baridi ulipoisha wanawake walikuwa wamerudi, wengi kuliko mwanzo, na baadhi yao kabla ya kuonyesha macho walitaka kwanza kujua kama ni kweli ile habari ya herufi iliyogeuzwa.

Nilikaa naye miaka mingine mitatu. Kisha nikaolewa Nizwa, mama nikamchukua, na Daktari akahamishiwa Sur. Tulipelekeana salamu kwa madereva. Mara moja alinitumia mfuko wa samaki wakavu uliofika Nizwa ukiwa umeshajulikana na gari zima.

Mara ya mwisho nilimwona Daktari huko Ashkhara, pwani, miaka ya themanini inaelekea ukingoni. Mume wangu alikuwa na shughuli huko, nami nilimfuata kwa ajili ya kuona bahari. Kwenye skuli ya mji nikaona mstari wa watu, wengi wanawake, na harufu ya dawa niliyoijua. Nikachungulia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamempanda juu, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa amekuja kutoka Sur kupima macho ya watu wa pwani, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule.

Alimwomba mkalimani wake apumzike, akanivutia kiti. Tukaulizana. Mama hajambo, nikamwambia, anaona, anasema. Akasema hilo la pili hana shaka nalo. Nikamuuliza akirudi kwao atakwenda kwanza wapi, atapeleka maua kwenye sanamu ya mzee?

Akaichezea miwani yake kidogo.

"Sanamu hakuna," akasema. "Wamevunja. Mji imeleta mpya kutoka mji mkuu. Shaba. Uso mzuri sana, herufi yote sawasawa. Kaka yangu ameandika barua." Akaanza kucheka. "Anasema wamevunja siku mbili. Nyundo mbili imekatika mpini. Baba yangu ametia saruji nyingi mno!"

Nikacheka naye. Kisha nikamwona anaendelea kutabasamu huku macho yake yakitazama ubao wa skuli, ambao haukuwa na kitu. Nikatafuta neno la kumwambia, kwa Kiingereza, kwa Kiarabu ambacho sasa nilikuwa nacho, nisilipate. Ulimi ukanipeleka wenyewe kwenye neno tunalowapa wafiwa.

"Makiwa, Daktari."

Nilipolisema niliona haya. Ni saruji, nikajiambia, atadhani namdhihaki. Lakini alivua miwani, akaishika magotini kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na akajibu kama anavyojibu mtu wa kwetu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba wake, bila kosa lolote.

"Tunayo," akasema.

Kisha akaivaa miwani, akamwita mgonjwa aliyefuata.